Kisu cha jikoni kilichochakaa: mpini kwanza, makali baadaye

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama wa kambini, ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia ya kazi, miwani na viatu vya usalama. Safari hii tunaingia jikoni. Kwa nini? Kwa sababu kidole kilichokatwa jioni na kisu cha kumenyea mihogo hakitashika mpini wa sululu asubuhi. Ajali ya namna hiyo haiingii katika daftari la ajali za kazi, lakini siku za kulala nyumbani ni zile zile. Na kama aliyekatwa ni mama wa nyumba, basi familia nzima itaona taabu, kwa maana nani atakata sombe, nani atafua, nani atamwogesha mtoto kwa mkono mmoja?

Watu wengi hudhani kwamba kisu kikali ndicho cha hatari, na kwamba kisu butu hakiwezi kumwumiza mtu. Hayo ni makosa. Kisu kikali kinaingia pale unapokipeleka, kwa nguvu kidogo tu. Kisu butu kinakataa kuingia. Basi unakikandamiza, unakikandamiza tena, kinateleza juu ya ganda la muhogo na nguvu yote ile inaishia kwenye mkono wa pili ulioshika muhogo. Ndiyo sababu majeraha ya jikoni huangukia sana mkono wa kushoto, kwenye kidole gumba, kidole cha shahada na lile bonde lililo katikati yao. Kwa mtu wa mashoto ni mkono wa kuume.

Huku kwetu, kutoka Kasongo hadi Kabambare na Namoya, kisu hakitupwi upesi. Bidhaa za dukani zinakuja kwa safari ndefu, na mara nyingi kipande cha mwisho cha safari hiyo ni baiskeli au pikipiki ndani ya matope. Kisu kimoja kinamenya mihogo, kinakata nyama, kinapasua ndizi, kinachonga kijiti cha mlango, hata kinafungua kopo la maziwa. Baada ya miaka michache kimekuwa chembamba kama ulimi wa nyoka, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na bado kinafanya kazi. Sisemi mnunue kingine. Nasema kitengenezeni, lakini kwa taratibu.

MAGONJWA MATATU YA KISU

Kisu kilichochakaa kina magonjwa matatu: mpini unaocheza, bapa lililoliwa na makali yaliyokufa. Karibu kila mtu anaanza na makali, kwa kuwa hayo ndiyo anayoyaona. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Ukitia makali mazuri kwenye kisu ambacho mpini wake unazunguka mkononi, umetengeneza kitu kibaya kuliko kile cha kwanza. Kwa hiyo tuanze na mpini.

Shika bapa kwa kitambaa kinene na mpini kwa mkono mwingine, uutikise. Ukicheza hata kidogo, usikitumie tena mpaka umekitengeneza. Tazama pia ufa na ule mwanya ulio kati ya mti na chuma. Humo ndimo damu ya nyama, maji ya samaki na unga wa mihogo vinaingia na kuoza, na hakuna sabuni itakayofika. Ule mpira wa baiskeli ambao watu hufungia mpini ni wa kusaidia tu shambani, kwenye panga. Jikoni haufai: chini yake maji yanakaa, mti unaoza, chuma kinaliwa na kutu, nawe huoni kitu mpaka siku msuka unapokatika ukiwa umekandamiza. Msuka ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini.

Mpini mpya uchongwe kwa mti mgumu uliokauka kabisa. Mpera ni mzuri, haupasuki ovyo. Mti mbichi ukikauka unajikunja na kuuachia msuka. Jihadhari sana na miti yenye utomvu mweupe. Ule wa mnyaa, kwa mfano, ukiingia jichoni unaweza kuleta upofu, na mti wa namna hiyo haufai kukaa karibu na chakula. Upana wa mpini uwe wa kujaza kiganja cha yule anayekitumia, si cha fundi aliyeuchonga. Mara nyingi baba anachonga mpini kwa kipimo cha mkono wake, na mama ndiye anayeshindana nao kila siku.

Kama msuka ni mpana na una matundu, mpini unakuwa vipande viwili vya mti, kimoja kila upande, vinavyoshikwa na misumari midogo inayopigwa kichwa huku na huku. Kipande cha waya mnene wa shaba kinafaa: ukikate kizidi mpini kidogo kila upande, ukipitishe, halafu ukigonge polepole kwa nyundo ndogo mpaka kila ncha itanuke kama kichwa cha uyoga. (Sisemi mkakate kebo za kampuni. Sokoni vipande vya waya vipo.) Vichwa hivyo vipigwe msasa mpaka viwe sawa na mti, maana kichwa kinachojitokeza kinachubua kiganja.

Kama msuka ni mwembamba wenye ncha, njia ya wazee wetu bado ni nzuri. Toboa mti kwanza tundu dogo kuliko msuka, pasha msuka moto, uusukume ndani ya tundu. Unajichomea nafasi yake wenyewe. Toa, pasha tena, sukuma tena. Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: moto usifike kwenye bapa. Chuma cha kisu kilipata ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto na kuzimwa, na moto wa jikoni unaweza kuuondoa ugumu huo kwa dakika chache. Kwa hiyo lichomeke bapa lote ndani ya kipande cha shina la mgomba mbichi, msuka tu ubaki nje, au ulifunge kwa vitambaa vilivyolowa maji. Mgomba una maji mengi, unalilinda vizuri.

BAPA LILILOLIWA

Sasa tazama bapa. Kwanza jiulize kisu kimetoka wapi. Kama kiliwahi kutumika mahali pa kuosha dhahabu, kukwangua au kukata ile donge ya zebaki na dhahabu, kisirudi jikoni kamwe, hata ukikisugua mara ngapi. Wala usikitie motoni ili kukibadilisha mpini. Zebaki ikipata moto inakuwa mvuke usioonekana na usio na harufu. Unaingia mapafuni na kwenda kuharibu figo na mishipa ya fahamu, ya mtu mzima na ya mtoto aliye tumboni. Mambo ni yale yale kwa sufuria na vijiko vilivyofanya kazi hiyo.

Kutu ya juujuu inatoka kwa nusu ya ndimu. Paka, acha dakika chache, sugua kwa kitambaa, kisha suuza na kukausha mara moja. Kutu ngumu itake majivu laini au msasa mwembamba wenye maji. Mchanga wa njiani unakwaruza chuma, na kila mkwaruzo ni kitanda cha kutu mpya. Visu vyeusi vya zamani vinashika kutu upesi lakini vinakubali makali vizuri. Vile vya inoksi vinavyong'aa havishiki kutu sana, na vingi kati ya vinavyouzwa kwa bei ndogo ni bati jembamba la chuma laini: unakitia makali leo, juma lijalo yamekwisha. Usikilaumu kinoo chako kwa hilo.

Kisu kilichonolewa miaka mingi kinafanya kiuno katikati, kwa kuwa watu hunoa pale pale wanapokatia. Ukikisimamisha juu ya ubao ulionyooka na kutazama kuelekea kwenye mwanga, utaona mwanga unapita chini ya kiuno. Kisu hicho hakikati sombe hadi mwisho. Majani yanabaki yameshikana, na mkataji anaongeza nguvu. Dawa yake ni tupa, ile ambayo watu wa atelie huita lime. Punguza zile sehemu mbili zilizo juu, ya karibu na mpini na ya karibu na ncha, mpaka makali yote yaguse ubao. Kiuno chenyewe usikiguse.

Ncha ikivunjika, watu hupunguza upande wa makali ili wapate ncha mpya, na hivyo wanapoteza makali mazuri waliyokuwa nayo. Fanya kinyume: punguza mgongo, ushuke nao polepole mpaka ukutane na makali. Kisu kinakuwa kifupi kidogo lakini makali yake hayajaguswa.

Tupa nayo iwe na mpini. Nimesikia watu wakisema kwamba mafundi wa kweli hawahitaji mpini wa tupa. Msuka wa tupa uliochongoka ukisukumwa ndani ya kiganja unafika kwenye kano na mishipa, na hapo ufundi wa mtu hausaidii kitu.

MASHINE YA ATELIE

Hapa nazungumza na ninyi wa atelie na garaji. Najua kwamba siku ya Jumamosi visu vya kambi nzima vinapita chini ya vazi la kazi na kwenda kwenye mashine ya kunolea. Mashine inamaliza kwa dakika moja, ni kweli. Tazama rangi ya makali wakati huo. Yakigeuka rangi ya majani makavu, joto limefika nyuzi 220 hivi. Yakigeuka bluu, yamefika karibu nyuzi 300, na chuma cha pale kimelainika. Kisu kinatoka kikiwa kikali sana, mama anashukuru, na baada ya siku tatu ni butu kuliko mwanzo. Basi kinarudi, kinaliwa tena, na kisu cha miaka kumi kinamalizika kwa miwili.

Na hayo ni ya kisu tu. Jicho je? Kipande cha chuma kilicho chembamba kuliko unywele kinaruka kikiwa cha moto, kinajibandika kwenye kioo cha jicho, na kwa muda mfupi kinaacha duara la kutu mahali pale. Usisugue, usimwache mwenzako akitoe kwa njiti ya kiberiti. Osha kwa maji safi, uje dispanserini siku ile ile. Kwenye mashine ya mezani, nafasi kati ya jiwe na kile kipande cha kuegemezea chombo isizidi milimita 3, la sivyo bapa jembamba la kisu linavutwa ndani pamoja na vidole. Mashine ya mkononi ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Diski ndogo ya milimita 115 kwa kawaida imeandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, ile ya milimita 230 imeandikwa 6,600 hivi. Nani hajaona mtu akitoa kinga na kufunga diski kubwa kwenye mashine ndogo? Diski hiyo inazungushwa karibu mara mbili ya nguvu zake. Ikipasuka haichagui uso wa nani.

Kisu cha jikoni kinolewe kwa mkono.

KUNOA

Jiwe la dukani lenye pande mbili, moja la kukwaruza na moja laini, ni zuri. Asiye nalo atafute mtoni jiwe la mchanga ulioshikana, lenye chembe ndogo zilizo sawa, alisawazishe kwa kulisugua juu ya jiwe jingine lenye maji. Ngazi ya saruji mlangoni inatosha kwa panga. Chembe zake si sawa, nazo zinayang'oa makali ya kisu chembamba.

Jiwe liwekwe mezani juu ya kitambaa kilicholowa, lisiteleze. Usilishike kiganjani, wala usilibane kati ya magoti huku umemweka mtoto kando yako. Lilowe maji muda wote.

Sasa kipimo cha kulaza kisu, ambacho ndicho kazi yote. Kisimamishe wima juu ya jiwe: hizo ni nyuzi 90. Kilaze nusu: 45. Kilaze nusu tena: 22 hivi. Punguza kidogo tu, uko kwenye 20, na hapo ndipo kisu cha jikoni kinapotaka. Kwa bapa lenye upana wa sentimeta 4, mgongo unakuwa umeinuka sentimeta 1 na kitu juu ya jiwe, karibu unene wa kidole kidogo. Ukishapata kipimo hicho usikibadilishe. Kisu kinachoinuka na kushuka mkononi mwa mnoaji kinatoka na makali ya mviringo, na makali ya mviringo ni ubutu tu.

Sukuma kutoka mpinini kuelekea nchani, upande mmoja, mpaka upande wa pili utoke ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja. Hauonekani vizuri, unahisiwa: pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, usikipitishe kamwe kufuata urefu wa makali. Ukiusikia ukingo huo tangu mwanzo hadi mwisho, geuza, fanya upande wa pili. Asiyefika kwenye ukingo huo hajanoa, amesugua tu. Kisha hamia kwenye jiwe laini, punguza nguvu, badilisha upande kila mara. Mwishoni pitisha mara chache kwenye ule mviringo usiong'aa ulio chini ya kikombe au sahani ya udongo, au kwenye upande wa nyuma wa mkanda wa ngozi, ukivuta kwa mgongo na si kwa makali. Ukingo unakatika na makali yanabaki safi.

Jaribu kwa nyanya au karatasi. Wale wanaojaribu kwa kidole gumba au kwa kunyoa malaika ya mkono, tunawashona sisi.

KAMA UMEKATIKA

Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, hesabu dakika 10 bila kuchungulia. Kisha osha kwa maji safi na sabuni. Usitie udongo, kahawa, tumbaku, wala ile poda nyeusi ya betri. Kunja na kunyosha kila kiungo cha kidole, kimoja kimoja, uguse ncha yake kuona kama bado inahisi. Kiungo kisichokunjika, hata kama jeraha ni dogo kama punje ya mchele, kano yake imekatika. Njoo siku ile ile, usingoje kesho. Kano ikiachwa, ncha zake zinajivuta, na kidole kinabaki kimenyooka maisha.

Hata jeraha dogo lisilokatika kano lina mambo yake katika nchi hii ya joto na unyevu. Livingstone alikwama Kabambare, mahali ambapo yeye aliandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, na vidonda vya miguu vilimfungia nyumbani siku 80 hivi. Dawa aliyoisifu ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa na maji na kupakwa kwa unyoya. Leo tuna sabuni, bendeji na sindano, lakini bado watu wanangoja mpaka kidonda kinanuka.

Juu ya tetanosi, au pepopunda, lazima niseme neno. Watu wanaogopa kutu, wanafikiri kutu ndiyo inayoleta ugonjwa huo. Vijidudu vyake vinakaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Kisu kinachong'aa kilichoangukia uani kwa mbuzi ni cha kuogopwa kama kile chenye kutu. Ugonjwa unaanza kati ya siku 3 na 21, mara nyingi kwenye siku ya 8, wakati jeraha lenyewe huenda limekwisha kufunga: taya zinakaza, kisha shingo, kisha mgongo. Mwenye jeraha chafu ambaye sindano yake ya mwisho imepita miaka 5 achomwe nyingine. Kwa jeraha dogo na safi ni miaka 10. Asiyekumbuka kama aliwahi kuchanjwa aje tumwanzishe. Na akina mama, kisu cha jikoni, hata kikinolewa namna gani, si chombo cha kukatia kitovu cha mtoto. Mwaka 2019 nchi yetu ilithibitishwa kwamba imeondoa tetanosi ya wajawazito na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, lakini vijidudu havijahama udongoni.

KISU KINALALA WAPI?

Kisu kilichotengenezwa kioshwe, kikaushwe mara moja, kisilale ndani ya beseni la maji ya sabuni ambamo mtu mwingine atatia mkono bila kukiona. Kama hakitatumika kwa siku nyingi, kipakwe mafuta kidogo ya kupikia. Mafuta machafu ya gari hayafai, yana uchafu wa madini. Kukichomeka kwenye nyasi za paa au ufa wa ukuta ni desturi ya nyumba nyingi. Basi kiwe juu ya kimo cha mtoto, na makali ndani ya ala, hata ala ya karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili.

Siku itafika ambapo bapa limebaki upana wa kidole na halina tena kitu cha kunoa. Hapo mpelekee mhunzi. Cameron, Mwingereza aliyepita Manyema mwaka 1874, aliandika juu ya tanuru za kuyeyushia chuma alizozikuta katika vijiji vya huku, kwa hiyo kazi hiyo haikuja na maduka. Mhunzi wa leo anafua kisu kipya kutoka katika resori ya gari, chuma kizuri kinachokubali ugumu, na kutoka katika kisu chako chembamba anaweza kupata kisu kidogo cha kumenyea. Usikitupe katika shimo la takataka ambamo watoto wanatafuta vifuniko vya chupa. Kizungushie kitambaa, ukifunge kwa kamba, umpe mhunzi mkononi, mpini ukielekea kwake.